Faili lako la GnuCash liko wapi, na yale mengine ni ya nini

Hesabu za kikoba chetu naziweka kwenye GnuCash, programu ya bure, na kila anayeanza huniuliza: faili langu limekwenda wapi? Liko pale pale ulipoliweka siku ya kwanza. Fungua menyu ya File uone majina ya mafaili uliyoyafungua karibuni. Likikosekana humo, tafuta kwenye kompyuta nzima kwa neno .gnucash. Ukilipata, lihamishie kwenye folda yake peke yake. Yangu inaitwa Hesabu.

Ukishaanza kulitumia, humo utakuta utitiri wa mafaili, usianze kufuta. Lenye jina fupi, tuseme kikoba.gnucash, ndilo daftari lenyewe. Yenye tarakimu ndefu na kuishia na .gnucash ni nakala ambazo programu hujitengenezea kila unapohifadhi. kikoba.gnucash.20250328214507.gnucash lisome hivi: mwaka 2025, mwezi wa 03, tarehe 28, saa 21:45 na sekunde 7, yaani saa tatu na dakika arobaini na tano usiku. Kila nakala ni daftari kamili. Mtu akivuruga marejesho, fungua nakala ya kabla ya vurugu, linganisha salio na daftari la karatasi, ndipo utumie Save As na kuipa jina jipya. Lile lililovurugika liache kwanza.

Mafaili ya .log yanaweka miamala uliyoingiza, hata ile ambayo umeme ulikatika hujaihifadhi. Na la .LCK ni kufuli tu: umeme ukikatika hubaki, na kesho yake programu inadai kuna mtu mwingine ndani. Ukiwa na hakika hakuna, chagua Open Anyway.

Kwa kawaida nakala na .log hufutwa baada ya siku 30. Kwa kikoba kinachovunjwa mwisho wa mwaka, hizo hazitoshi hata kidogo. Nenda Edit, Preferences, General, uandike 365.

Flashi nayo ni lazima, maana nakala zote hizo zinalala kwenye laptopu moja na wezi hawachagui. Hifadhi, funga programu, ndipo unakili. Ukihamia kompyuta nyingine, kumbuka kwamba ripoti ulizojitengenezea hazimo kwenye daftari. Kwenye Windows, andika %APPDATA% kwenye upau wa anwani wa folda, uichukue na folda ya GnuCash iliyomo.