Kabla ya kuwasha jiko la bruda, hakiki nyuzi zako

Kipupwe kikikolea, joto la usiku hapa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na upepo wetu unapenya popote. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumkinga. Joto lote analitegemea kwako, ndani ya bruda, yaani sehemu yenye joto unamomlelea. Wafugaji wengi wanalijua hilo, ndiyo maana wanaziba madirisha kwa maturubai, wanamwaga maranda ya kutosha na kununua mkaa mapema. Kinachowaponyoka ni namba, kwa sababu maelekezo yametoka kwingine na kipimajoto kimetoka kwingine.

Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu yameandikwa kwa Farenhaiti, kipimo kinachotumika Marekani. Yanasema hivi: wiki ya kwanza nyuzi 95, halafu punguza nyuzi 5 kila wiki. Huku kwetu vipimajoto vingi vya madukani vinasoma Selsiasi, vingine vina namba za pande zote mbili, na vile vya betri vina kitufe kinachohamisha C kuwa F ukikigusa tu. Mfugaji anauliza, anaambiwa 95 za Farenhaiti ni 35 za Selsiasi. Ni kweli. Kisha anaendelea kupunguza nyuzi 5 kila wiki kama karatasi ilivyosema, ila sasa anazipunguza kwa Selsiasi. Wiki ya pili bruda iko 30, ya tatu 25, ya nne 20. Vifaranga wanarundikana kona moja usiku, na asubuhi waliokuwa chini wamekufa kwa kukosa hewa. Mara nyingi lawama inaangukia ugonjwa, na dawa inanunuliwa bure.

Hapa kuna hesabu mbili, na zisichanganywe. Ukitaka kujua joto lenyewe, toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Yaani 95 toa 32 ni 63. Mara 5 ni 315. Gawanya kwa 9 unapata 35. Lakini ukitaka kujua joto lishuke kwa kiasi gani, achana na ile 32. Ile 32 ipo kwa sababu barafu huyeyuka kwenye 0 ya Selsiasi, na joto hilohilo kwenye Farenhaiti linaandikwa 32. Kupungua kwa joto hakujali hesabu imeanzia wapi. Nyuzi 5 za Farenhaiti zidisha kwa 5, gawanya kwa 9: unapata 2.8, tuseme 3. Basi ratiba sahihi kwa Selsiasi ni 35 wiki ya kwanza, 32 ya pili, 29 ya tatu, na 27 hivi wiki ya nne. Iandike kwa kalamu nene ubandike mlangoni, ili hata kijana anayelinda usiku aisome.

Kipimajoto kisining'inizwe ukutani usawa wa macho yako. Kiweke karibu na chanzo cha joto, sentimita 5 hivi juu ya maranda, usawa wa mgongo wa kifaranga. Kisha waangalie wenyewe. Wakijikusanya karibu na jiko wana baridi. Wakilikimbia huku wakihema midomo wazi wameungua na joto. Wakiegemea upande mmoja wote, tafuta upepo unakoingilia. Namba na vifaranga vikipingana, waamini vifaranga, halafu ukague kipimajoto.

Kukikagua ni rahisi. Ponda barafu, jaza kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, ingiza ncha ya kipimajoto na usubiri dakika chache: kisome 0, au 32 kama ni cha Farenhaiti. Kikisoma 2, ujue kinazidisha nyuzi 2, uzitoe kila unaposoma. Wengine hupima kwa maji yanayochemka wakitarajia 100, kama tulivyofundishwa darasani. Hiyo ni ya usawa wa bahari, kule Tanga na Dar es Salaam. Dodoma mjini tuko zaidi ya mita 1,100 juu, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kipimajoto kizima kitasoma 96, na ni dhambi kukitupa. Vile vya bruda vinavyoishia 50 usivitie kabisa kwenye maji ya moto, vitapasuka.

Wenye mashine za kutotolesha mnahitaji umakini zaidi. Mashine yenye feni huwekwa 37.5 za Selsiasi, sawa na 99.5 za Farenhaiti. Kosa la nyuzi moja ya Selsiasi ni karibu nyuzi 2 za Farenhaiti, na mayai hayalivumilii kwa siku 21.

Kosa la aina hiyohiyo hufanyika kwenye nafasi. Fundi anajenga kwa futi, ushauri unatolewa kwa mita. Banda la futi 10 kwa 10 ni futi 100 za mraba, na mtu anagawanya kwa 3.28 anapata 30. Hapana. Badili kila upande kwanza: mita 3.05 kwa 3.05, jumla mita 9.3 za mraba. Ukiweka kuku wakubwa 6 kwa kila mita ya mraba, hilo ni banda la kuku 55, si 180.

Kwenye dawa za maji, "sisi" moja (cc) na mililita moja ni kitu kimoja. Ila kijiko cha chai cha mililita 5 hakibebi gramu 5 za kila unga; unga mwepesi huwa na gramu pungufu ya hizo. Lebo ikisema gramu 1 kwa lita, ndoo ya lita 20 inataka gramu 20, zipimwe kwenye mzani mdogo dukani kabla hujaondoka. Chanjo nyingi za kuku hutunzwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, yaani 36 hadi 46 za Farenhaiti, kwa hiyo nenda na chupa ya chai yenye barafu, hasa kama unarudi Kongwa au Chamwino kwa bodaboda.