Kuiandaa roshani ya ghorofa isishike moto

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupanga za ghorofa jijini Dar es Salaam, na kila ninapofanya ukaguzi huanzia kwenye roshani, au balkoni kama wengi tunavyoiita, kwa sababu hapo ndipo jiko la mkaa, mtungi wa gesi, kamba ya nguo na maboksi yaliyobaki tangu siku ya kuhamia huwekwa pamoja katika nafasi ya hatua nne.

Hatua ya kwanza: ondoa vinavyoshika moto haraka. Magodoro ya zamani, maboksi na madumu ya petroli ya jenereta hayana nafasi hapo. Mapazia ya mianzi yanapendeza, lakini moto huyapanda kuelekea ghorofa ya juu. Huko Barking, London, mwezi Juni 2019, moto ulisambaa katika jengo la makazi kwa kupitia roshani zake za mbao.

Hatua ya pili: chagua gesi au mkaa. Roshani ndogo haivihimili vyote viwili, na kwa maoni yangu hapo hakuna mjadala. Ukichagua gesi, simamisha mtungi wima, mbali na jua kali na tundu la kutolea maji, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama mabondeni. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye valvu, regyuleta na maungio ya mpira. Mapovu yakianza kuvimba, funga valvu na usiwashe chochote. Usijaribu kamwe kutafuta uvujaji kwa kiberiti.

Hatua ya tatu: jihadhari na majivu. Wapikaji wengi huwa waangalifu moto unapowaka, kisha wakajisahau unapoonekana umezimika. Niliwahi kukuta ndoo ya plastiki imeyeyuka na kugandamana na vigae, kwa sababu majivu ya chakula cha jioni yalimwagwa humo yakiwa bado na makaa ndani. Tumia ndoo ya bati yenye mfuniko, mwagia maji, koroga, kisha mwagia tena. Upepo ukizidi, usiliingize jiko sebuleni, kwani gesi ya sumu ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya nne: kagua nondo. Roshani iliyozungushiwa nondo bila mlango ni kizimba. Weka kijimlango kinachofunguka, na ufunguo wake utundikwe ndani, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaufikia gizani lakini mkono wa mtu aliye nje haufiki.

Hatua ya tano: pangeni mtakachofanya moto ukitokea. Mtungi wa kuzimia moto wa poda ukae ndani, karibu na mlango wa roshani, si kwenye roshani yenyewe ambako huenda msiweze kuufikia. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, yafunike kwa mfuniko na uzime jiko. Maji yataulipua moto huo. Ukishindwa, toka, ufunge mlango wa roshani nyuma yako bila kuutia kufuli, wagongee majirani, shukeni kwa ngazi badala ya lifti, na mpige simu Zimamoto kwa namba 114 mkitaja mtaa, jina la jengo na ghorofa mnayoishi.