Namna ya Kubaini Kama Uduvi wa Maji ya Chumvi ni Spishi Mpya

Kwa mtafiti aliyeko Kigoma, mahali pa kuanzia ni Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi zilizowapa watu chumvi tangu kale. Ukikuta humo uduvi wa jenasi ya Artemia, usikimbilie kumpa jina. Mshuku kwanza Artemia franciscana wa Marekani, ambaye mayai yake makavu huuzwa duniani kote kulishia vifaranga vya samaki, na ambaye amekwisha kuota mizizi katika mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya baada ya kupandikizwa huko.

Ukiwa na kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, vua kwa wavu wa matundu madogo, kisha pima joto na chumvi ya maji papo hapo. Uduvi wa kupimwa vinasaba watiwe kwenye ethanoli ya asilimia 95. Formalini hutunza umbo lakini huharibu vinasaba. Kusanya pia mayai makavu yaliyosukumwa ukingoni na upepo, kwa kuwa ndiyo yatakayokufaa zaidi.

Umbo la uduvi huyu hudanganya. Chumvi ikizidi, panda ya mkiani hufupika na vinyweleo vyake hupungua, hata ndugu wa damu moja wakaonekana kama spishi mbili. Katika karne ya 19 mtafiti Schmankewitsch alidhani kwamba chumvi humgeuza uduvi kuwa wa jenasi nyingine. Kwa hiyo angulia mayai ya kila bwawa katika maji ya chumvi na joto sawa, uwalee hadi wakomae, ndipo uwalinganishe. Chini ya hadubini, mtazame dume: papasi zake za pili zimekuwa koleo za kumshikia jike, na kwenye shina la kila koleo pana kinundu. Chora umbo la kinundu hicho na miiba yake, kisha sehemu ya chini ya uume. Kwa jike, chora mfuko wa mayai. Jozi 11 za miguu hazikusaidii kitu, maana spishi zote za jenasi hii zinazo. Usipopata dume hata mmoja, huenda ni ukoo wa majike wanaozaa bila dume, ambao baadhi yao wana seti tatu hadi tano za kromosomu.

Kwa vinasaba, soma jeni iitwayo COI, iliyomo katika mitokondria (viungo vidogo vya seli vinavyotoa nishati na vyenye vinasaba vyao), na uilinganishe na zilizomo GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya vinasaba. Nakala bandia za jeni hiyo hujificha ndani ya kiini cha seli, hivyo ukikuta kodoni za kukomesha (alama za kumaliza usomaji wa jeni) katikati, mfuatano huo utupe. Tena mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo haifichui uchotara; ongeza kipande cha vinasaba vya kiini kiitwacho ITS1. COI ikisema hivi na ITS1 vile, pandisha dume wa huku na jike wa kule, ufuatilie uzazi wao hadi kizazi cha pili.

Ushahidi wote ukikubaliana, teua kielelezo kimoja cha jina na ukikabidhi makumbusho. Ukichapisha katika jarida la mtandaoni pekee, kazi hiyo isajiliwe kwanza ZooBank, rejesta rasmi ya majina ya wanyama, la sivyo jina halitatambulika.