Kumwandaa farasi wa mbio ndefu

Hapa Oman natoka na farasi wangu jike alfajiri, kabla mchanga haujachemka. Miezi mitatu ya kwanza ni kutembea na mwendo wa matiti (kukimbia polepole) tu, shoti (mbio za kasi) hapana. Moyo na pumzi hukomaa upesi, lakini kano na mifupa huchelewa; hapo ndipo wengi huwaumiza wanyama wao, na inaniuma kuona.

Mkirudi, mmwagie maji shingoni na miguuni, mtembeze, kisha sikiliza moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto. Kwenye ukaguzi wa mashindanoni mapigo yasizidi 64 kwa dakika. Bana ngozi ya shingo: ikikawia kurudi, amekaukiwa maji.

Baada ya kilomita 80, wiki mbili simpandi. Majani, chumvi, na mahali pa kugaagaa.