Jinsi ya kuagiza dawa za zahanati kabla masika hayajakata barabara

Ninatunza stoo ya dawa katika zahanati moja wilayani Pangani, upande wa kusini wa mto. Gari la Bohari ya Dawa, MSD, likitoka Tanga mjini linashuka na barabara ya pwani hadi Pangani, linavuka kwa kivuko kwenda Bweni, ndipo linaanza safari ya kutufikia sisi. Kiangazi hakuna shida. Masika yakichachamaa, kati ya Machi na Mei, udongo unanasa magurudumu, na kivuko kikisimama mzigo unalala ng'ambo.

Nawaandikia wenzangu waliokabidhiwa funguo za stoo bila kuelekezwa lolote: muuguzi, mteknolojia wa dawa, mhudumu wa afya. Wakati mwingine bohari yenyewe haina dawa, na mara nyingi fedha za kituo hazitoshi. Lakini upo upungufu tunaouandika wenyewe kwa kalamu zetu. Mimi niliwahi kuuandika.

Hatua ya 1: Hesabu kwa mkono

Usijaze fomu ya maombi kwa kuangalia leja peke yake. Ingia stoo na mwenzako mmoja, yeye ahesabu, wewe uandike. Fungueni kila boksi. Boksi lililoandikwa 100 nje linaweza kuwa na 63 ndani, kwa sababu usiku wa dharura mtu alichota akasahau kuandika kwenye kadi ya stoo, ile inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Hesabuni kwa kipimo kidogo kabisa: kidonge, pakiti, chupa. Pitieni pia chumba cha kutolea dawa, chumba cha kujifungulia na droo ya meza ya mganga mfawidhi.

Idadi ikitofautiana na kadi, usiipindishe ilingane. Andika tofauti hiyo kwenye mstari wake, sababu kama unaijua, na sahihi zenu wote wawili.

Hatua ya 2: Tafuta siku ambazo rafu ilikuwa tupu

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Masika ya mwaka mmoja alinijia mama amembeba mtoto anayeharisha, kanga imelowa mgongoni. ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, hatukuwa nayo hata pakiti moja. Nilimwelekeza achanganye nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, visivyojaa kilima. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa dada, hapa zahanati mna nini?" Alipoondoka nikaitoa kadi ya ORS. Mzunguko uliopita wa kuagiza nilikuwa nimeagiza kwa mkono wangu, na bohari ilileta kile kile nilichoomba. Kosa lilikuwa kwenye hesabu yangu.

Chukua mfano huu. Katika siku 60 umetoa pakiti 320 za ORS. Ukigawa kwa miezi miwili unapata 160 kwa mwezi. Hesabu inapendeza, lakini si kweli. Rudi kwenye kadi utazame mstari ambapo baki ilifika sifuri na tarehe mzigo mwingine ulipoingia. Tuseme kati ya hapo zilipita siku 20. Maana yake zile 320 hazikutoka kwa siku 60, zilitoka kwa siku 40. Siku 20 zilizobaki watoto waliharisha vilevile, ila hukuwa na cha kuwapa, na kadi haikuandika mtu yeyote.

Kwa hiyo sahihisha: 320 gawanya kwa 40, unapata 8 kwa siku. Zidisha kwa 30, unapata 240 kwa mwezi. Hayo ndiyo matumizi yako halisi.

Sasa tuseme kiwango cha juu cha stoo yako ni akiba ya miezi minne, na siku ya kuhesabu umekuta pakiti 90. Kwa hesabu iliyosahihishwa: 240 mara 4 ni 960, toa 90, unaagiza 870. Kwa ile ya kwanza: 160 mara 4 ni 640, toa 90, unaagiza 550. Umepungukiwa pakiti 320 na hujakosewa na mtu. Ubaya wake ni kwamba mzunguko ujao rafu itakauka mapema zaidi, matumizi yataonekana madogo zaidi, nawe utaagiza pungufu tena. Upungufu unazaa upungufu.

Kwenye fomu ya maombi, sehemu ya siku ambazo bidhaa haikuwepo usiiache wazi wala usijaze sifuri ili kituo kionekane kinafanya vizuri. Iandike kama ilivyo.

Na usiende upande wa pili. Wapo wanaozidisha maombi mara mbili kwa hoja kwamba "watapunguza tu". Naumia nikiona hivyo. Namba zetu zikiingia kwenye eLMIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za dawa, ndizo zinazowasaidia huko juu kukadiria mahitaji ya nchi. Tukizitia chumvi, dawa zinaisha muda kwenye kituo kimoja huku kituo cha jirani kinaomba.

Hatua ya 3: Agiza vinavyokwenda pamoja

ORS bila zinki ni tiba nusu. Mtoto wa miezi sita na kuendelea mwenye kuharisha hupewa kidonge kimoja cha zinki cha miligramu 20 kila siku, kwa siku 10 hadi 14. Watoto 100 wanahitaji vidonge visivyopungua 1,000. Ukiona zinki uliyoomba inatosha watoto 30 na ORS inatosha 200, moja ya namba hizo ina kasoro. Linganisha vivyo hivyo vipimo vya haraka vya malaria na dawa mseto, na dawa za sindano na mabomba yake.

Hatua ya 4: Usitazame miezi miwili iliyopita peke yake

MSD sasa husambaza mara sita kwa mwaka. Zamani ilikuwa mara nne. Mizunguko imekuwa ya karibu zaidi, lakini mvua haisubiri ratiba. Tafuta kwenye kalenda ya usambazaji ni mzunguko upi wa mwisho kufika kwako kabla ya masika. Kwa huo, toa kadi za Machi hadi Mei za mwaka jana na utumie matumizi ya miezi ile kwa ORS, zinki na dawa za malaria. Ukitumia ya Desemba na Januari, unaiandalia masika akiba ya kiangazi.

Jambo jingine: Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, masika tayari yalikuwa yameloanisha kila kitu. Akiba inayofaa siku kama hizo ni ile iliyokwishavuka mto.

Hatua ya 5: Bohari ikikosa, dai majibu ya maandishi

Bidhaa ambayo MSD haina, omba uthibitisho kwamba haipo, kisha pitia kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi mwenye mkataba wa kuuzia vituo kile ambacho MSD haina. Utaratibu huo ulianzia Dodoma mwaka 2014 na sasa upo mikoa yote. Mtafute mfamasia wa wilaya siku hiyo hiyo, usingoje kikao.

Hatua ya 6: Pokea ukiwa umesimama

Hesabu mbele ya dereva, hata kama jua linazama na anawahi kivuko. Soma tarehe za kuisha muda kabla hujasaini. Panga juu ya chaga, angalau sentimita 10 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani. Unyevu wa pwani hupanda kwenye boksi taratibu hadi chini linaporomoka. Inayowahi kuisha muda ikae mbele.

Chanjo zina njia yake kupitia wilayani, ila jokofu ni letu. Nyuzi joto 2 hadi 8, soma asubuhi na jioni. Sisi wa pwani tunaogopa joto tu, wakati baridi nayo inaua: chanjo ya pepopunda au pentavalenti, ile inayokinga magonjwa matano, ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Isigusane na ukuta wa jokofu unaotoa barafu.

Hatua ya 7: Msaada unapoletwa

Mafuriko huleta watu wenye huruma na maboksi. Wapokee kwa heshima, kisha waulize maswali kabla ya kufungua stoo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Aceh nchini Indonesia ilipokea takriban tani 4,000 za dawa. Zaidi ya nusu hazikuwamo kwenye orodha ya dawa muhimu za nchi ile, nyingi ziliandikwa lugha ambazo wahudumu hawakuzisoma, na kazi ya kuziteketeza iliwaangukia walewale waliopatwa na maafa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada ibakiwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi inapofika. Isiyotimiza hilo, au isiyo na maandishi unayoyasoma, iweke kando umwite mfamasia wa wilaya. Mtoa msaada akiuliza mnahitaji nini, mpe orodha iliyotoka kwenye Hatua ya 2. Mara nyingi ni ORS, vidonge vya kutibu maji, sabuni na mafuta ya boti.

Mwisho, kuazimana. Masika yaliyofuata nilikuwa na ORS ya kutosha, na zahanati ya jirani ikakwama. Nikawapelekea pakiti 150 kwa bodaboda, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye kadi nikaziandika chini ya uhamisho, si chini ya matumizi, kwa sababu watoto waliozinywa si wa kijiji changu. Kisha nikampigia dada wa kule nikamwomba azihesabu kwenye matumizi yake, kila pakiti atakayotoa, na pia aandike zile siku alizokaa bila kitu.