Rais Akitoa Tamko, Lipime Hivi

Marehemu baba hakuwa akiondoka kando ya redio kabla taarifa ya saa saba mchana haijaisha. Enzi hizo mkubwa wa serikali aliweza kuamka na cheo chake, akakaa kula chakula cha mchana, akasikia redioni kwamba hana kazi tena. Katiba ya Kenya ya 2010 ilibadilisha mambo, lakini katika kikundi chetu cha akina mama hapa Mtwapa bado nasikia, "Rais keshasema, basi." Bado, mama zangu. Tuseme amesimama juu ya gari sokoni, ameahidi kupanua zahanati. Fanyeni hivi.

Andikeni maneno yake kama yalivyotoka, na tarehe.

Kisha fungueni Kifungu cha 131. Rais ni mkuu wa nchi na wa serikali, na mamlaka ya utendaji ni yake, ila anayatekeleza akisaidiwa na naibu wake na mawaziri. Sasa nendeni cha 135, ambacho hunichukua Jumamosi nzima kukieleza: uamuzi wa rais anapotumia mamlaka aliyopewa na Katiba sharti uwe wa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Ukurasa huo katika nakala yangu umeshachanika pembeni kwa kufunguliwa. Mama mmoja aliniuliza, "Kwa hivyo yale ya juu ya gari ni nini?" Ni ahadi, nikamwambia. Ishikeni kama ahadi, lakini ulizieni karatasi.

Tazameni pia Jedwali la Nne la Katiba mjue kazi ni ya nani, ya serikali kuu au ya kaunti. Zahanati ziko chini ya kaunti, kwa hivyo barua yenu ianzie kwa gavana, hata kama aliyeahidi ni rais. Na pesa haitoki hazina kuu bila sheria kuiruhusu, basi ulizeni imo katika bajeti gani.

Likiwa tamko la kuteua waziri, njia ni fupi: mawaziri hawapungui 14 wala hawazidi 22, hawawi wabunge, na Bunge la Taifa huwaidhinisha kwanza.

Katika barua tajeni Kifungu cha 35, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ulizeni uamuzi uko wapi, fedha kiasi gani, kazi inaanza lini. Pelekeni nakala mbili, na msiondoke pale dirishani kabla ya yenu kupigwa muhuri wa kupokelewa.