Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Mfanyakazi wa Nyuma ya Jukwaa, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa yule aliyewahi kumfanyia kazi msanii mwenye jina, au anayemjua vyema mtu aliyeifanya kazi hiyo, na sasa anataka kuigeuza kuwa riwaya. Nimeuandika baada ya kuupitia mswada wa kijana mmoja wa Kisauni, Mombasa, aliyekuwa msaidizi wa mwimbaji kwa miaka kadhaa: alibeba mabegi, akapokea simu, akalipa watu, akatuliza mapromota. Mswada wake ulikuwa na kurasa nyingi juu ya mwimbaji na chache mno juu yake yeye mwenyewe, ilhali kila nilipoufungua nilijikuta nikimtafuta yeye. Karibu kila ninachoshauri hapa kinatokana na hilo. Riwaya ya namna hii ni ya mfanyakazi, na msanii aonekane tu pale kazi inapomlazimu mfanyakazi kumtazama.

Hatua ya 1: Mpe msimulizi kazi moja inayojulikana

Kusema kwamba msimulizi "alifanya kazi na msanii" hakumwambii msomaji lolote. Dereva humwona msanii kupitia kioo cha ndani na hujua siri zake kwa kusikia upande mmoja wa simu. Fundi wa sauti humjua kwa koo lake, na hutambua kwamba amelia au hakulala kabla ya mtu mwingine yeyote. Baunsa huwajua mashabiki kuliko anavyomjua msanii. Chagua mmoja kati yao, kisha ukatae katakata kumpa maarifa ya mwingine, hata pale ambapo hadithi ingekwenda upesi zaidi ukimpa.

Mimi napendelea mshonaji au msaidizi wa mavazi kuliko meneja, ambaye waandishi wengi humkimbilia. Meneja akikosewa huvunja mkataba na hadithi ikaishia hapo, lakini mshonaji akikosewa hurudi kesho yake na sindano zake. Tena kazi yake iko karibu na mwili wa msanii, na hapo ndipo penye hadithi. Chukua mfano wa kile kifaa kidogo cha sikioni ambacho mwimbaji hukitumia kusikia muziki wake akiwa jukwaani. Waya wake hubandikwa kwa plasta nyuma ya shingo, na kwa joto na unyevu wa Mombasa plasta hiyo huachia kabla ya wimbo wa tatu, isipokuwa shingo imepanguswa kwanza kwa spiriti, ikaachwa ikauke kabisa, ndipo plasta ikakandamizwa kwa kidole gumba. Anayefanya hivyo husimama karibu na msanii kuliko mashabiki wote waliolipa kiingilio, na bado hawezi kumwambia neno, kwa sababu masikio ya msanii yamekwisha kuzibwa. Ukurasa mmoja wa jambo kama hilo utakufaa kuliko sura nzima ya shangwe.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi kabla ya kuwaza hadithi

Chukua daftari, si simu, uandike kila alichofanya msimulizi kuanzia alipoamka hadi alipolala, bila kueleza alivyojisikia. Ukikwama, maana yake huijui kazi hiyo vya kutosha, na itakubidi umtafute anayeijua.

Hatua ya 3: Mfiche msanii

Hii ndiyo hatua ambayo mswada nilioutaja uliikwamia kwa muda mrefu kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Wengi hudhani kwamba kubadilisha jina kunatosha. Msomaji wa Mombasa hahitaji jina. Mwambie kwamba mwimbaji alilelewa mtaa fulani, akaanza kwa kuimba hotelini, akaibuliwa na mtangazaji wa redio, kisha wakagombana kwa sababu ya wimbo uliomtoa, naye atakuwa amemtaja kwa jina kabla hujamaliza aya. Kinachomtambulisha mtu ni mfuatano wa mambo yake: alikotoka, aliyemwinua, aliyekosana naye, na yaliyotokea kati ya hilo na lile. Huo mfuatano ndio unaopaswa kuvunjwa.

Ugumu ni kwamba ukigusa jambo moja, mengine husogea. Ukimhamisha msanii kutoka Kongowea ukamfanya mtu wa Nairobi, sasa anahitaji tiketi ya ndege au ya treni, chumba cha hoteli na gari la kumpokea, na kila kimoja kati ya hivyo kina mlipaji, kwa hiyo uhusiano wa msimulizi na promota umebadilika. Ukiirudisha hadithi nyuma ili isifanane na ya kweli, kumbuka kwamba M-Pesa ilianza mwaka 2007 na treni ya SGR ilianza safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Kabla ya M-Pesa msaidizi alitembea usiku na bahasha ya noti za watu kumi na wawili, na hofu yake haikuwa hofu ya kijana wa leo anayesubiri ujumbe uingie kwenye simu. Ukimgeuza msanii wa kike kuwa wa kiume, kila tukio la chumba cha kubadilishia nguo litahitaji kuandikwa upya, na pengine msaidizi mwenyewe abadilike pia.

Njia inayofanya kazi ni jedwali la safu tatu. Katika safu ya kwanza andika tukio la kweli. Katika ya pili andika kazi ya tukio hilo katika hadithi. Katika ya tatu buni tukio lingine linalofanya kazi ileile. Tuseme katika maisha halisi msanii alikataa kupanda jukwaani mpaka amaliziwe malipo yake. Katika hadithi, tukio hilo linamlazimisha msimulizi asimame mlangoni kati ya umati wenye hasira na mtu ambaye hawezi kumwamuru. Kibadala kinaweza kuwa jenereta iliyozima, mvua iliyolowesha mitambo, au muda wa kibali cha kelele unaokaribia kwisha, alimradi msimulizi abaki mlangoni. Tunza kazi ya tukio, tukio lenyewe ulitupe. Safu ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, na ukishindwa kuijaza kwa tukio fulani, tukio hilo ni porojo, uliondoe hata kama lilitokea kweli.

Kuna tahadhari ambazo hazina budi kuzingatiwa. Ikiwa ulitia saini mkataba wa usiri, usome upya ukiwa na wakili kabla ya kuandika zaidi, kwa kuwa kuiita kazi yako riwaya hakuufuti mkataba. Kuhusu kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, Mahakama Kuu ya Kenya iliondoa kosa la jinai la kashfa mwaka 2017, lakini kesi ya madai ya fidia ipo palepale, na mlalamishi hahitaji kutajwa kwa jina ikiwa wanaomjua wanaweza kumtambua.

Jina la kubuni nalo lichunguzwe. Mwaka 1910 Baraza la Malodi la Uingereza liliunga mkono fidia ya wakili aitwaye Artemus Jones dhidi ya wachapishaji wa gazeti lililotumia jina hilo katika makala ya kubuni, ingawa ilidaiwa kwamba hakuna aliyemkusudia. Kwa hiyo litafute jina la msanii wako katika YouTube na mitandao ya kijamii, kwa tahajia zote unazoweza kuzifikiria, maana wasanii wetu hupenda kuandika majina yao kwa namna za ajabu.

Tahadhari ambayo husahaulika kuliko zote inahusu watu wadogo. Mwandishi hujitahidi sana kumficha msanii, halafu akamwacha dereva, dansa na mpishi kama walivyo, pamoja na kigugumizi chao na madeni yao. Msanii ana wakili na mashabiki wa kumtetea, lakini dereva ana jina lake tu katika kituo cha teksi, na watu wa kituo hicho watasoma. Wapitishe nao katika jedwali lilelile.

Usichokibadilisha ni mji. Waandishi wengine, kwa woga, hubuni jiji lisilo na jina lenye bahari isiyo na jina, na riwaya ikakosa pa kukanyaga. Bakisha Mama Ngina, Tononoka, Mtwapa na kivuko cha Likoni kama vilivyo. Wasanii wa kweli nao wanaweza kusikika kwa mbali: dereva mzee anaweza kuwa na kanda za Juma Bhalo au Zein l'Abdin garini, na mpiga gitaa anaweza kujisifu kwamba aliwahi kuwaona Them Mushrooms wakipiga katika hoteli za Pwani. Lakini usiwatilie maneno vinywani wala usiwafanyishe jambo.

Nyimbo zitunge mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda maandishi, yakiwemo maneno ya nyimbo, kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuomba ruhusa ya mistari miwili kunaweza kukuchosha kuliko kuandika sura mbili. Kibwagizo kimoja kinatosha riwaya nzima. Mimi hupenda mizani minane kwa minane, kwa kuwa sikio la Pwani limekwisha kuizoea: "Nipe nafasi nipite, bahari haina njia." Msomaji ataujaza wimbo uliobaki kichwani mwake.

Hatua ya 4: Jenga siku moja ya onyesho kwa saa

Kabla ya kuandika sura yoyote, panga siku moja kuanzia alfajiri hadi alfajiri ya pili, kwa saa za Kiswahili, kwa sababu riwaya nzima itarudia siku hiyo kwa sura mbalimbali. Gari la mitambo linalotoka Likoni husubiri feri pamoja na magari mengine, huku watembea kwa miguu wakipita bure, kwa hiyo fundi mwenye haraka huliacha gari na dereva, akavuka kwa miguu na begi la nyaya begani. Saa tisa alasiri sauti hupimwa. Adhana ya alasiri ikilia mafundi hunyamazisha spika, na dakika hizo za ukimya ni nafasi nzuri ya watu wawili kuambiana jambo ambalo kelele ilikuwa inawasaidia kulikwepa.

Majira pia yana kauli. Onyesho la Mama Ngina wakati wa kusi hupigwa na upepo kutoka baharini, na upepo huo huingia katika vipaza sauti kama vishindo visipovishwa kofia za sponji. Wakati wa kaskazi, hasa Desemba, wageni kutoka bara hujaza hoteli, malipo hupanda, na msanii mmoja huweza kuahidiwa kwa mapromota wawili usiku mmoja. Ramadhani shoo hupungua na mfanyakazi hukopa, kisha Idi humlipia madeni. Hewa ya chumvi hula viungo vya nyaya mwaka mzima. Betri za kipaza sauti hubadilishwa kabla ya kila onyesho hata kama zimetumika kwa nusu saa tu, na swali la nani anabaki na zile za zamani linaweza kuanzisha ugomvi wa kweli kati ya watu wanaolipwa kidogo.

Onyesho lenyewe usiliandike. Huu ni msimamo wangu na sijaona mswada ulionishawishi vinginevyo. Mfanyakazi wa nyuma ya jukwaa halioni onyesho: husikia besi ikitetemesha mbao, huona kisogo cha mwimbaji na mwanga unaompita, huhesabu nyimbo zilizobaki kabla ya vazi la pili. Msimulizi akianza kueleza jinsi umati ulivyopagawa, jua kwamba amehama kazini kwake.

Hatua ya 5: Mazungumzo

Kila mtu apewe alama moja au mbili za usemi wake, si zaidi. Madansa wa Nairobi hawahitaji Sheng katika kila sentensi. Fundi wa Mji wa Kale akisema "Ndoo hapa, washika waya gani huo?" amekwisha kujitambulisha, na unaweza kumwacha aendelee kwa Kiswahili chepesi. Kilicho muhimu zaidi ni namna watu wanavyoitana. Msaidizi anayemwita msanii "bosi" mbele ya watu na "dada" wakiwa peke yao ameeleza uhusiano mzima, na siku atakapomwita "bosi" wakiwa peke yao msomaji atashtuka bila kuambiwa. Fundi mzee aitwe ami au mzee, hata na msanii mwenyewe, isipokuwa unataka tumchukie huyo msanii.

Hatua ya 6: Andika rasimu

Tumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, na uzime usahihishaji wa Kiingereza kabla ya kuandika neno la kwanza. Programu zinazouzwa kwa ajili ya waandishi wa riwaya hazina faida niliyowahi kuiona. Kila jioni jitumie faili kwa barua pepe.

Hatua ya 7: Kabla ya kuutuma mswada

Uchapishe kwenye karatasi, nenda mahali pasipo na chaji, uusome kwa sauti. Kisha umpe mtu mmoja aliyefanya kazi hiyo na mmoja asiyeijua kabisa: wa kwanza atakuonyesha kilicho uongo, wa pili kisichoeleweka. Usiwape wote siku moja, maana watakuvuta pande mbili.

Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na kwa mwandishi wa kwanza ni mlango bora kuliko kubisha kwa wachapishaji mmoja mmoja. Ukiamua kujichapishia, nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya, na mswada unaweza kusajiliwa katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Mwisho, fungua faili na utumie kitufe cha kutafuta kulitafuta jina halisi la msanii, jina lake la utani, na jina la kila mtu aliyekuwa katika safu ya kwanza ya jedwali lako. Rasimu za mwanzo huyaacha majina hayo yamejificha katika mazungumzo marefu, katika maelezo ya pembeni uliyojiandikia, na mara nyingi zaidi katika jina la faili lenyewe.